Vidole Juu ya Shuka

Mwanamke kijana amelala chali mjini Havana, macho yake yamefungwa bendeji, naye amekatazwa kugeuza kichwa. Amekatazwa pia kucheka, kulia na hata kutafuna chakula kwa nguvu, kwa sababu retina, yaani utando unaopokea mwanga ndani ya jicho, imebanduka, imerudishwa mahali pake kwa upasuaji, na mtikisiko mdogo tu waweza kuibandua tena. Binti yake mdogo haruhusiwi kumpandia kitandani wakacheza. Kinachotembea ni vidole vyake peke yake. Juu ya shuka, kidole cha shahada na cha kati vinapiga hatua, vinavukana, vinaruka na kutua. Vinaicheza baleti ya Giselle yote, tangu mlango wa kibanda unapofunguliwa asubuhi hadi alfajiri inapomrudisha msichana kaburini.

Mwanamke huyo ni Alicia Alonso. Alizaliwa Havana tarehe 21 Desemba 1920, na mwaka 1940 alijiunga na Ballet Theatre ya New York, kundi ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza maonyesho yake. Mwaka uliofuata macho yakaanza kumsaliti. Alipasuliwa mara tatu, na safari ya mwisho aliamriwa alale bila kujitikisa kwa muda wa mwaka mzima. Mumewe, Fernando Alonso, ambaye naye alikuwa mcheza baleti, aliketi kando ya kitanda siku baada ya siku akimfundisha nafasi kubwa za baleti kwa vidole. Bendeji zilipofunguliwa, madaktari walimweleza kwamba asitegemee tena kuona vizuri kwa pembe ya jicho. Tarehe 2 Novemba 1943, wiki chache kabla hajatimiza miaka 23, alipanda jukwaa la Metropolitan Opera House kucheza Giselle badala ya Alicia Markova, aliyekuwa mgonjwa, na tangu usiku ule jina lake na jina la Giselle, msichana wa kijijini ambaye baleti hiyo inaitwa kwa jina lake, hayakuachana tena.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama habari ya ushujaa: kipofu nusu, kitanda, subira, kisha makofi. Sina ugomvi na ushujaa. Hata hivyo, kila ninaposikia ikisimuliwa hivyo naona kwamba Giselle mwenyewe amesahauliwa, kana kwamba nafasi yoyote ngumu ingefaa kuwekwa mahali pake. Mimi nimekuja kuamini kwamba mwaka ule wa kulala ulimfundisha jambo ambalo chumba cha mazoezi, pamoja na vioo vyake vyote, kingechelewa sana kumfundisha, na kwamba jambo hilo ndilo kiini cha nafasi hii hasa. Ili nieleze kwa nini, lazima nianze na kosa langu mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikiitazama Giselle katika rekodi, niliivumilia sehemu ya kwanza ili niifikie ya pili. Sehemu ya kwanza ilionekana kwangu kama mchezo wa kijiji wa kitoto. Msichana mpenda ngoma, mwenye moyo dhaifu, anapendwa na kijana anayejiita Loys, ambaye kwa kweli ni mtawala Albrecht aliyevaa nguo za mkulima. Mama yake, Berthe, anamkanya asicheze sana asije akafa. Hilarion, mtunza msitu anayempenda msichana huyo, anagundua upanga wa Albrecht na kumuumbua mbele ya watu wote, wakiwamo wageni wa kifalme ambao miongoni mwao yumo Bathilde, mchumba halali wa Albrecht. Giselle anapatwa na wazimu, anakufa. Sehemu ya pili ni usiku msituni, ambako Wilisi, mizuka ya wasichana waliokufa kabla ya harusi zao, humzunguka kila mwanamume anayepita na kumchezesha mpaka roho imtoke. Malkia wao Myrtha anamtoa Giselle kaburini ili naye ajiunge nao, lakini Giselle anamkinga Albrecht kwa kucheza naye hadi kengele ya alfajiri inapogonga. (Kwa masikio ya Kiswahili jina la mizuka hiyo linachekesha kidogo, maana linaleta hesabu ya mbili, na kusema kweli hesabu hiyo haiko mbali, kwa kuwa anayeicheza nafasi hii huwacheza wanawake wawili, mmoja mwenye uzito wa nyama na mifupa na mwingine asiye na uzito kabisa.)

Niliamini kwamba mtihani uko kwa huyo wa pili. Ni rahisi kuamini hivyo, kwa sababu ugumu wake unaonekana kwa macho. Mara tu anapotoka kaburini, Giselle huzunguka upesi kwa mguu mmoja, mwingine ukiwa umenyooka nyuma yake, baada ya dakika nyingi za kusimama kimya gizani huku misuli ikipoa. Baadaye huja ile adajio, yaani mchezo wa polepole, inayoongozwa na viola, ala ya nyuzi, ambapo anainua mguu taratibu kuelekea pembeni, bila mkono wa mtu wa kumshika, na mguu huo hauna budi kupanda kama unavutwa na ukungu, usionyeshe hata chembe ya juhudi, ilhali paja lote linawaka moto. Kisha ziko zile ruko ndogo za kwenda juu moja kwa moja, miguu ikipishana hewani haraka, mabega yakiwa yametulia na uso hauna jasho la mtu aliye hai. Mchezaji akikosea hapa, kila mtu anajua. Kelele za viatu peke yake zinatosha kumharibia, kwa kuwa mzuka haupaswi kusikika ukitua.

Hata sehemu ya kwanza, nilipoikubali, niliikubali kwa sababu ya ule mchezo wa peke yake ulioongezwa baadaye huko Urusi, ambao haukuwamo katika onyesho la kwanza la Paris, ambapo Giselle hukatiza jukwaa kwa mshazari akirukaruka juu ya ncha ya mguu mmoja, huku mguu mwingine ukichezacheza mbele yake na uso ukimtabasamia mpenzi wake. Ni jambo la kikatili kulitaka kutoka kwa kifundo cha mguu cha binadamu, na watazamaji hupiga makofi kabla halijakwisha. Niliyahesabu hayo yote kama mtu anayehesabu vyeti vya mwanafunzi.

Kilichonibadilisha ni dakika chache ambazo karibu hazina hatua yoyote ngumu, yaani tukio la wazimu. Albrecht ameshabusu mkono wa Bathilde. Giselle amejitupa kati yao, ameuvua mkufu aliopewa zawadi na mwanamke huyo, ameanguka, na nywele zake zimefunguka. Anapoinuka, anaanza kucheza upya mambo yaliyotokea mapema asubuhi ile. Anakaa kana kwamba benchi bado lipo, anachuma petali za ua ambalo halipo, akihesabu ananipenda, hanipendi. Watu wanaokumbuka mwanzo wa mchezo watajua kwamba ua lile la kweli lilikuwa limetoa jibu baya, na kwamba Albrecht alichomoa petali moja kwa siri ili hesabu itoke vizuri. Sasa hakuna wa kumsaidia, na hesabu inatoka kama ilivyo. Anauokota upanga kwa ncha yake na kuuburuta chini kwa mviringo, wanakijiji wakirudi nyuma. Halafu anajaribu kucheza zile hatua alizocheza na Loys, bega kwa bega, walipokuwa na furaha. Anaanza, anakatisha, anasahau, anaanza tena kutoka katikati. Adolphe Adam, aliyetunga muziki, alifanya jambo la busara sana hapa: nyimbo zile zile za ua na za ngoma zinarudi, lakini zinarudi vipande vipande, kama mtu anayesikia sherehe kutoka nyumba ya tatu.

Wachezaji wengi wachanga huanguka papo hapo, na huanguka kwa kufanya mambo mengi mno. Wanatoa macho, wanavuruga nywele, wanapiga mbio za kishindo. Wanauigiza wazimu. Ukiitazama vizuri ile sehemu, hata hivyo, utaona kwamba mtunzi hakuomba wazimu uigizwe. Aliomba kumbukumbu. Giselle anakumbuka ngoma yake kwa mwili ambao hauwezi tena kuimaliza, na kadiri anavyoikumbuka kwa usahihi ndivyo tunavyoona jinsi alivyovunjika.

Sasa turudi kwenye vidole.

Yeyote aliyewahi kuruhusiwa kusimama kando ya jukwaa kabla ya pazia kufunguliwa atakuwa amewaona wachezaji wakifanya jambo ambalo kwa mgeni linafanana na uchawi mdogo. Wamesimama wima, macho yanatazama mbali, midomo inahesabu, na mikono yao inatembea hewani mbele ya kifua. Mkono wa kulia ni mguu wa kulia, wa kushoto ni wa kushoto. Kiganja kinapogeuka, mwili mzima umegeuka. Vidole vinaporuka, ndipo pale atakaporuka baadaye. Wanaupitia mchezo bila kuucheza, ili pumzi isiishe na misuli isichoke, huku akili ikihakikisha kwamba hakuna kilichodondoka njiani. Kila mcheza baleti hulifanya hili, kuanzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi mchezaji mkuu. Mazoezini pia kuna siku nzima za kuzipitia hatua nusunusu, mikono ikiwa chini na miguu ikionyesha tu mahali ambapo ruko ingekuwa.

Nilipokuja kugundua kwamba Giselle katika tukio la wazimu anafanya jambo hilo hilo, nilisimamisha rekodi na kuirudisha nyuma mara tatu. Hatua zake ni ndogo, hazijakamilika, mikono inaonyesha umbo na kuliacha. Anaupitia mchezo. Mchezaji mwenye akili timamu hufanya hivyo ili kuitunza pumzi. Giselle anafanya hivyo kwa sababu pumzi imekwisha. Na hapa ndipo palipo na Alicia Alonso, kwa sababu sijui mchezaji mwingine aliyeipitia Giselle kwa namna hiyo, yote, kwa muda mrefu kiasi kile, kabla hajaicheza kwa miguu. Wengine hujifunza kwanza kwa mwili kisha kumbukumbu ikabaki kama makapi ya kazi. Yeye alianza na kumbukumbu. Alisema mwenyewe baadaye kwamba alijifundisha Giselle akiwa amelala, haoni, hatikisiki, akicheza kichwani mwake.

Nilitaka kujua jambo hilo linamaanisha nini hasa, kwa hiyo usiku mmoja nililala sakafuni, nikafumba macho, nikaweka muziki wa sehemu ya kwanza na kuanza kutembeza vidole viwili juu ya zulia. Mimi si mcheza baleti, na miguu yangu haijawahi kufanya chochote cha kuandikwa, lakini nimeiona Giselle mara nyingi kiasi cha kudhani kwamba mpangilio wake ninaujua. Sikufika mbali. Jambo lililonishangaza ni mahali niliposhindwa. Hatua zake mwenyewe nilizikumbuka kiasi, kwamba hapa anatoka mlangoni, hapa anazunguka jukwaa akimtafuta aliyebisha hodi, hapa anashikwa mkono. Nilichokosa ni watu wengine. Albrecht amesimama upande gani anapombusia mkono? Mama anatokea mlangoni wakati gani, na Giselle anajificha nyuma ya nani? Benchi liko umbali gani? Vidole vyangu vilikuwa vinacheza katika kijiji kisicho na mtu, na bila watu wale hata hatua nilizozijua hazikuwa na sababu ya kwenda kokote.

Ndipo nilipoelewa kwamba alichokijenga Alonso juu ya shuka lile kilikuwa jukwaa zima. Hakuwa na namna ya kujikumbuka yeye peke yake. Ilimbidi ajue kila aliyesimama pale, yuko hatua ngapi kutoka kwake, anamgeukia lini. Na alipoinuka kitandani akiwa na macho yanayoona mbele lakini yasiyoona pembeni, ramani ile haikuwa tena zoezi la kupitisha muda. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kutembea. Katika miaka yote iliyofuata aliwazoeza wachezaji wenzake wawe mahali pale pale alipowatarajia, na taa kali za rangi ziliwekwa ili zimwongoze, akajua kwa mwanga peke yake alipo na mwisho wa jukwaa uko wapi. Mcheza baleti anapozunguka hulikazia macho jambo moja na kulirudia kila mzunguko, ili asipotee wala kizunguzungu kisimwangushe. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa taa.

Usiku ule wa Novemba ulikuwa na uzito wake mwingine. Kuchukua nafasi ya mgonjwa si sawa na kupewa nafasi yako. Watazamaji wamenunua tiketi kwa ajili ya jina jingine, na jina hilo halikuwa dogo. Markova ndiye aliyekuwa ameicheza Giselle na kundi la Vic-Wells huko London mwaka 1934, onyesho lililosimamiwa na Nicholas Sergeyev, aliyetoka Urusi na madaftari ya maandishi ya hatua za baleti za Petersburg. Mwenzake katika onyesho lile la London alikuwa Anton Dolin. Na mwanamume aliyemngojea Alonso jukwaani New York, miaka karibu kumi baadaye, katika nguo za Albrecht, alikuwa Dolin huyo huyo.

Nalifikiria sana jambo hilo. Mikono inayomwinua mcheza baleti ina kumbukumbu zake. Ilikuwa imezoea uzito wa Giselle mwingine, kimo kingine, pumzi inayovutwa sekunde fulani kabla ya kuruka. Markova alisifika kwa wepesi usio wa kawaida, kama mtu ambaye hewa inamdai arudi. Kijana wa Havana alikuja na mwili mwingine na hesabu nyingine, na katika sehemu ya pili, pale ambapo Giselle anainuliwa juu kabisa na anapaswa kuonekana kama anayetaka kupeperuka na mwanamume ndiye anayemzuia, hakuna nafasi ya watu wawili kutafutana. Ama mkono upo, ama haupo. Kwa mtu asiyeona pembeni, swali hilo si la sanaa peke yake.

Hatuna haja ya kuutia chumvi usiku ule. Alicheza, onyesho likafika mwisho wake, na waliolishuhudia walitambua kwamba wamemwona Giselle na si mtu wa kuziba pengo. Tangu hapo nafasi ikawa yake, akaicheza kwa miongo mingi, zaidi ya wengi wanavyodhani mwili unaweza.

Umri wake wa miaka 22 una historia ya ajabu katika baleti hii. Carlotta Grisi, aliyekuwa Giselle wa kwanza kabisa, alitimiza miaka 22 siku ile ile ya onyesho la kwanza, tarehe 28 Juni 1841, katika Opera ya Paris, akicheza hatua zilizopangwa na Jean Coralli na Jules Perrot. Anna Pavlova naye alikuwa na miaka 22 alipoicheza kwa mara ya kwanza mjini Petersburg mwaka 1903. Margot Fonteyn alikuwa na miaka 17 tu mwaka 1937. Kwa upande mwingine, Galina Ulanova alipowaliza watu wa London mwaka 1956 alikuwa na miaka 46, na nimeona picha za filamu za kipindi kile ambamo, baada ya dakika mbili, nilikuwa nimesahau kabisa kuuhesabu umri wake.

Ujana unamsaidia mchezaji katika mambo ambayo ni dhahiri: kifundo cha mguu, ruko, na ule uso wa asubuhi katika tukio la ua, ambao mtu mzima analazimika kuutafuta. Lakini ujana una upungufu mmoja ambao walimu hawausemi waziwazi, labda kwa huruma. Kijana wa kawaida wa miaka 22 hana mengi ya kukumbuka. Amelelewa katika chumba cha mazoezi tangu utotoni, amelala mapema, amekula kwa kipimo, na jambo zito kuliko yote lililompata ni kukosa nafasi fulani mwaka jana. Umwambie akumbuke furaha iliyopotea kwa mwili unaokataa, atakuuliza macho ayaelekeze wapi. Alonso wa mwaka 1943 alikuwa na mtoto wa miaka mitano, alikuwa amepoteza sehemu ya kuona kwake ambayo haitarudi, na alikuwa ameshaishi mwaka mzima ndani ya mwili uliokatazwa kucheza huku akili ikicheza kila siku. Hiyo ndiyo hali ya Giselle katika dakika zake za mwisho, isipokuwa tu imerefushwa ikawa miezi.

Sisemi kwamba mtu lazima aumie ndipo acheze vizuri. Wazo hilo limewadhuru wachezaji wengi, na historia ya nafasi hii hii ina mfano wa kusikitisha katika Olga Spessivtseva, Giselle mkubwa wa kizazi chake, ambaye maradhi ya akili yalimweka hospitalini nchini Marekani kwa takribani miaka ishirini; watu wamependa mno kuuchanganya ugonjwa wake na tukio la wazimu, kana kwamba sanaa ndiyo iliyompeleka huko. Ninalolisema ni dogo zaidi. Alonso alikuwa na mazoezi ya aina ambayo nafasi hii inaihitaji na ambayo ratiba ya kundi la baleti haiwezi kuyapanga.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha katika habari hii, ingawa linanitoa kidogo pembeni. Baleti yenyewe imeishi kwa namna ile ile. Opera ya Paris, iliyoizaa, iliiacha Giselle mwaka 1868 na kuisahau. Warusi ndio walioitunza, mpangaji wa hatua Marius Petipa akiirudia na kuibadilisha mara kadhaa, hadi ilipoletwa tena Paris mwaka 1910 na kundi la Diaghilev, Tamara Karsavina akiwa Giselle na Vaslav Nijinsky akiwa Albrecht. Maandishi ya hatua yapo, lakini hayatoshi. Kinachoipitisha baleti kutoka kizazi hadi kizazi ni mtu mmoja kumwonyesha mwingine, mara nyingi kwa mikono, akisema hapa nilikuwa nageuka, hapa nilikuwa nasubiri viola. Na mwaka 1972 Opera hiyo hiyo ya Paris ilimwalika Alicia Alonso aje awapangie Giselle. Mwanamke wa Havana, aliyeipokea kwa vidole vya mumewe, aliirudisha katika nyumba iliyokuwa imeipoteza. Wakati huo alikuwa na kundi lake nchini Kuba, lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo leo ni Ballet Nacional de Cuba, na Giselle ilikuwa mkate wa kila siku wa kundi hilo. Alifariki Oktoba 2019, akiwa na miaka 98.

Rekodi zake nilizoziona ni za miaka ya baadaye, picha zenye chenga, muziki ukiyumba. Sehemu ya pili ndani yake ni ya ajabu, hasa namna anavyopishanisha miguu hewani upesi huku kiwiliwili kikiwa kimya kabisa. Lakini ninairudisha nyuma kila mara ili niione ile nusu dakika ya wazimu. Hatua nyingine zote za nafasi hii ilimbidi azitafsiri alipoinuka kitandani: kidole kiwe mguu, shuka liwe sakafu, ruko ya inchi moja iwe ruko ya mwili mzima. Tukio moja peke yake halikuhitaji tafsiri. Anakaa pembeni, watu wote wamenyamaza, anauinua mkono wa kushoto kana kwamba umeshika ua, na kwa vidole viwili vya mkono wa kulia anaanza kuchuma petali ambazo hakuna anayeziona, moja baada ya nyingine, akihesabu.